Google na iCloud, klaudi unayoshika funguo mwenyewe, au diski ya kabatini: picha na vyeti vyako uweke wapi

Ukiuliza watu uweke wapi picha na vyeti visipotee utapata majibu mawili, wa kwanza atakwambia tupia Google Drive umalize, wa pili atakwambia hao jamaa wanasoma kila kitu chako nunua diski yako. Wote wamejibu nusu, kwa sababu hapa kuna hofu mbili na zinavutana: moja ni vitu vyako kuonwa na mtu asiyehusika, nyingine ni wewe mwenyewe kuvikosa. Ukibana sana huku unaachia kule. Na kwa mtu wa kawaida wa huku kwetu, mwenye simu moja ya Android, laptop ya kuazima na bando la wiki, mi naona hii ya pili ndo inaumiza wengi, japo ya kwanza ndo inaongelewa kila siku.

Basi nalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni klaudi za kawaida (klaudi ni kuweka vitu vyako kwenye kompyuta za kampuni kupitia mtandao), yani Google Drive na Google Photos, iCloud, OneDrive, Dropbox, hizi funguo anashika kampuni. Ya pili ni klaudi ambazo funguo unashika wewe, mfano Proton Drive ya Uswisi na Mega ya New Zealand, na iCloud nayo inaingia humu ukiwasha seting yao ya ziada inaitwa Advanced Data Protection. Ya tatu ni diski au flashi yako kabatini. Kuna na ya nne, kuendesha seva yako nyumbani kwa Nextcloud, programu ya kujitengenezea klaudi yako, hiyo kama unaiweza basi huu ulinganisho huuhitaji, na kama umeme wa mtaani kwenu ni wa kukatika katika achana nayo tu.

Nani anaweza kuona

Kwenye Google na wenzake faili zako zinasafiri zikiwa na enkripsheni, yani zimefungwa zisisomeke bila funguo, na zinalala kwenye seva zikiwa na enkripsheni, watu wakisikia hivyo wanatulia, ila funguo za kufungulia anazo huyohuyo aliyezihifadhi. Mashine za wengi wao zinakagua, na amri ya mahakama ikija wanatoa. Kampuni za Marekani zinabanwa na CLOUD Act ya 2018, hiyo inasema amri halali ya kule inafika mpaka kwenye data iliyolala nchi nyingine, kwa hiyo ule utetezi wa "seva yenyewe iko Ulaya" usikupe usingizi. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya wana yao tangu 2019, ni nzuri ukiwa na ugomvi na kampuni ya hapahapa, lakini kwa jaji wa California, kwao Google na Apple, haikusaidii kitu.

Sasa tuwe wakweli, jaji wa California ana shida gani na cheti chako cha form four? Hana. Vitu vya watu vinaonekana kwa njia za kizembe zaidi. Mtu anatengeneza folda kwenye Drive, anaweka humo kitambulisho cha NIDA, TIN, vyeti vyote, picha za passport saizi, anaweka ile seting ya yeyote mwenye linki aone, halafu linki anamtumia mtu wa HR na yule anaifowadi. Folda hilo liko wazi hadi leo na mwenyewe kashapata kazi kasahau. Au nenda steshenari yoyote iliyo karibu na ofisi za serikali, mteja anaingia Gmail yake kwenye kompyuta ya pale aprinti barua, foleni nyuma inamsukuma, anaondoka akaunti ikiwa wazi, na faili limebaki Downloads. Siku moja fungua hilo folda la Downloads uone, vitambulisho, mikataba ya pango, majibu ya hospitali, vya watu wasiojuana kabisa vimelala pamoja kuanzia mwaka juzi. Hapo hakuna hacker.

Hata ile kashfa ya 2014 ya picha za mastaa wa Hollywood, watu mpaka leo wanasema iCloud ilihakiwa, kumbe sehemu kubwa ilikua ni email za kujifanya Apple au Google, mastaa wakajaza paswedi wenyewe. Mmoja wa waliohusika alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2016. Kwenye hili njia ya pili haikuzidishii ulinzi wowote, ukimpa mtu paswedi yako ya Proton atafungua kama wewe unavyofungua.

Kampuni nazo zinateleza. Dropbox Juni 2011 walisasisha mfumo wakaacha mlango wazi kwa karibu masaa manne, ulikua unaweka paswedi yoyote ile na akaunti inafunguka. Mwaka uliofuata waliibiwa, na ilipofika 2016 ndo ikajulikana kwamba email na paswedi zilizofichwa za akaunti zaidi ya milioni 68 ziko nje. Kwenye njia ya pili ajali kama ile ya 2011 mwizi angekuta matakataka asiyoweza kuyasoma, na hapo ndo utamu wake ulipo.

Ila nayo usiichukulie kama msahafu. 2022 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walionesha kwamba jinsi Mega walivyopanga enkripsheni yao kulikua na upenyo wa Mega yenyewe kuzipata funguo za wateja, wakaziba baada ya kuambiwa. Na Apple Februari 2025 waliondoa Advanced Data Protection Uingereza baada ya serikali ya kule kudai njia ya kuingia, kwa hiyo ndugu zetu mlioko London na Leicester seting hiyo msitegemee kuikuta mnapoisoma kwenye makala za Wamarekani.

Diski je? Hakuna anayeona mpaka siku inaibiwa au siku laptop inaenda kwa fundi, na siku hiyo anaona vyote, maana watu wachache sana wanaifunga kwa paswedi. VeraCrypt ni ya bure na inafunga diski nzima, BitLocker inakuja na Windows zile za Pro. Flashi ya funguo za gari yenye vyeti vyako vyote bila kufungwa ni hatari kuliko Google, hapo sibishani na mtu.

Nani anaweza kukufungia nje

Hapa ndo pa kukaa.

Februari 2021 kuna baba mmoja San Francisco, mtoto wake wa kiume alivimba sehemu za siri, hospitali wakaomba picha kabla ya kumuona daktari kwa video maana kilikua kipindi cha corona. Akapiga kwa simu ya Android, simu ikazipandisha Google yenyewe kama simu nyingi zilivyosetiwa, mashine ikazisoma kama picha za unyanyasaji wa watoto. Akaunti ikafungwa yote kwa mpigo, email, picha za familia za miaka, mpaka namba ya simu maana laini nayo ilikua ya Google. Polisi walichunguza wakasema hakuna kosa. Google hawakumrudishia. Stori ilitoka New York Times Agosti 2022 na Google wakasimama palepale. Usikomae na kama mashine ilikua na haki au haina, angalia kilichomponza: kila kitu chake kilikua nyuma ya akaunti moja, na hakukua na mtu wa kwenda kumgongea mlango.

Mwingine ni mwandishi wa habari wa Wired, Mat Honan, Agosti 2012. Vijana walipiga simu huduma kwa wateja ya Apple wakiwa na anwani yake na tarakimu nne za mwisho za kadi, walizozipata kupitia Amazon, wakapewa njia ya kuingia iCloud yake, kisha wakaifuta iPhone, iPad na MacBook yake wakiwa mbali. Hakua na bakapu nyingine, ikabidi alipe kampuni ya kuokoa data ili apate picha za mwanae.

Huku kwetu mambo yanakuja kwa sura nyingine. Simu mpya, Gmail mpya. Fundi au mdogo wako anakufungulia akaunti pale dukani ili Play Store ifunguke, anaweka paswedi ya haraka haraka, mwaka mzima picha zinapanda humo, simu ikianguka kwenye maji unaambiwa "ingia kwenye Gmail yako" na hata jina la hiyo Gmail hulijui. Picha zipo, ziko salama kabisa kwenye seva za Google, na wewe ni mgeni kwazo. Akaunti isipoguswa miaka 2 Google wana haki ya kuifuta na vilivyomo, walianza utaratibu huo Desemba 2023.

Ya iPhone za mtumba ni mbaya zaidi. Kuna maduka yanakuuzia iPhone ikiwa tayari imeingizwa Apple ID (akaunti ya Apple) ya duka, "dada we tumia tu, App Store inafanya kazi", na Apple ID hiyohiyo iko kwenye simu za wateja wengine. Binti anakuja kushangaa kwenye simu yake kuna picha za harusi ya watu asiowajua, na kama za wengine zinamfikia basi zake nazo zinawafikia. Na yeyote mwenye ile paswedi anaweza kuingia Find My, huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea, akaifuta simu au kuifunga. Kama una iPhone ya hivo acha kusoma hapa, katoe hiyo Apple ID ukiwa na muuzaji mbele yako, weka ya kwako.

Halafu laini. Uthibitisho wa hatua mbili wa Google, ile codi unayoombwa baada ya paswedi, wengi wameuweka kwenye meseji ya simu, laini usipoitumia muda mrefu kampuni inaifunga na baadae namba anapewa mtu mwingine, na codi zako zinaanza kumfikia yeye. Au mtu anakufanyia swap ya laini, hiyo haihitaji maelezo kwa mtu yeyote anayetumia M-Pesa. Google wanatoa codi 10 za akiba za tarakimu nane nane, kila moja inatumika mara moja, ziprinti uweke palipo vyeti. Watu hawafanyi hivi na ni dakika tano.

Sasa linganisha na njia ya pili: ukisahau paswedi ya Google kuna njia ya kurudi, inasumbua lakini ipo. Ukisahau ya Mega na ule ufunguo wa akiba huna, imeisha. Proton unaweza kubadilisha paswedi ukaingia tena, ila faili za zamani zitabaki zimefungwa kama hukuhifadhi yale maneno yao ya akiba. Usiwalaumu, ndo maana yake kushika funguo mwenyewe. Kwa mtu anayebadilisha paswedi kila miezi miwili kwa sababu ya kusahau, mi simshauri hata kidogo aweke huko kitu pekee alichonacho, hata kama usiri wake ni mzuri.

Na kuna kufungiwa kwa polepole. GB 15 za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na bakapu ya WhatsApp ya Android siku hizi nayo inahesabiwa humo. Tangu Juni 2021 Photos haina tena ule ubure usio na mwisho. Zikijaa, Gmail inaacha kupokea email. Mtu anasubiri barua ya kuitwa interview, kumbe video za harusini zimejaza akaunti, barua imerudi ilikotoka.

Kampuni yenyewe ikipoteza

Hii nitapita haraka. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, 2019 walikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa kati ya 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Megaupload, huduma ya kuhifadhi na kushea faili, ilifungwa na serikali ya Marekani Januari 2012, waliokua na faili zao halali humo wakakwama pamoja na maharamia. Machi 2021 jengo la OVHcloud, kampuni ya klaudi ya Ufaransa, pale Strasbourg liliungua usiku, wateja waliodhani "iko klaudi basi ina bakapu" wakajua klaudi nayo ni kompyuta ziko kwenye jengo. Mei 2024 Google Cloud kwa makosa yao walifuta akaunti ya mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, kilichowaokoa ni kwamba walikua na bakapu kwa kampuni nyingine. Kwa mtu mmoja mmoja anayetumia Google Photos uwezekano wa haya kukukuta ni mdogo kuliko wa kusahau paswedi, ila mfano wa UniSuper ubaki nao.

Intaneti ikikata

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania nzima tukawa tunatafuta mtandao. Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku kama hizo vyeti vilivyoko Drive peke yake huna, wakati diski ya kabatini haina habari na nyaya za baharini. Google Drive kwenye simu ina seting ya kuweka faili lipatikane bila mtandao, weka kwa vile vitu vitano sita muhimu.

Na kabla hata haijakata, fanya hesabu ya kupandisha. Picha na video GB 60, kasi ya kupandisha Mbps 2, hiyo ni karibu masaa 67 bila kusimama, na kwa bando la simu utakua unalipia zile GB 60 zote. Ndo maana kwa video za familia diski inashinda bila ubishi.

Diski nayo isikudanganye

Flashi za "2TB" za bei ya chakula cha mchana ni feki. Ndani kuna chipu ya GB 32 au chini, imepangwa idanganye kompyuta, unakopi faili zinaonekana zote zipo, majina yapo, saizi ipo, ukija kufungua miezi baadae picha nusu ni za kijivu. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inaijaza flashi kwa data halafu inaisoma tena, itakwambia ukweli. Wenye Linux na Mac watumie F3. Fanya hivyo kabla risiti haijapotea. Flashi na SSD (diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani) pia sio za kuacha miaka bila kuchomekwa kwenye umeme, hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Diski ya kuzunguka inakaa vizuri zaidi ila ukiidondosha mara moja kutoka mezani habari yake imeisha, na kwa sisi wa pwani joto na unyevu havina urafiki na kifaa chochote.

Diski moja ikiwa nyumba moja na simu yako na laptop yako, mwizi mmoja au moto mmoja unachukua vyote. Hapo klaudi, hata ile ya kawaida, inaipita diski kwa mbali.

Mi ningegawa hivi

Vyeti, NIDA, hati ya kiwanja, passport: viwe sehemu mbili, Google Drive na diski, ila kwenye Drive usiviweke wazi. Cryptomator inafunga folda kabla haijapanda, kwenye kompyuta ni bure, Google anabaki kuona majina ya ajabu ajabu tu. Kama hiyo inakuchanganya, basi viweke Drive kawaida, akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili na linki zote za kushea zizimwe. Cheti kuonwa na mashine ya Google ni bora kuliko kwenda kufuatilia nakala mpya.

Picha za familia: Google Photos au iCloud kwa kila siku, na mara moja moja shusha zote kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kushusha vitu vyako vyote, uweke kwenye diski. Kumbuka Google Photos ukifuta ndani ya app yake inafuta na kwenye klaudi, hiyo ni kusawazisha, bakapu ni kitu kingine. Una siku 60 za kuitoa kwenye taka, zikipita basi.

Picha za faragha, majibu ya hospitali, maongezi ya kazi yako ya uandishi au uanasheria: njia ya pili, Proton au iCloud yenye ile seting, paswedi imeandikwa kwenye karatasi. Bakapu ya WhatsApp nayo ina seting ya kuifunga kwa paswedi yako tangu 2021 na watu hawaijui, bila hiyo meseji zako zilizofungwa njiani zinalala Drive bila kufungwa kwa ufunguo unaoushika wewe.

Video kubwa: diski mbili, moja kwako moja kwa mama au kwa kaka mkoani.

Mzee asiyejua simu: mfungulie Google moja tu, ya maisha, iandike kwenye daftari lake la benki, na namba ya kurejesha akaunti iwe ya kwako. Usimpeleke Proton.

Bado suala la kufa, ambalo kila mtu anaruka. Google wana seting inaitwa Inactive Account Manager, unachagua akaunti ikikaa kimya miezi 3, 6, 12 au 18 wamtumie fulani ruhusa ya kushusha vitu ulivyochagua. Apple wana Legacy Contact, mrithi anakuja na ufunguo uliompa pamoja na cheti cha kifo. Proton na Mega mwachie mrithi paswedi mkononi. Na diski uliyoifunga na VeraCrypt andika juu yake kwa maka peni kwamba imefungwa na paswedi iko wapi, kwa sababu mtoto wako akiichomeka, Windows itamwambia diski hii inabidi ifomatiwe, na yeye atabonyeza ndiyo.